Firigisi Iliyokosekana Mezani

Wiki jana niliwaacha na uongo wangu ukiwa bado unafuka moshi. Kwa yule aliyelipata gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, labda kafungiwa karanga ndani yake, nitasema kwa ufupi tulikofika.

Mimi ni Fortunée, mjane wa Sarun, yule mkemia wa Kamboja ambaye Likasi nzima ilimwita Mushinwa, yaani Mchina, hadi siku anaingia kaburini, na kila mara alikasirika. Alikuja Shituru kufanya kazi katika maabara ya kiwanda. Vita vikaifunga nchi yake nyuma ya mgongo wake, akabaki, akanioa, tukamzaa Michel. Alipokufa aliniachia nyumba, kijana mwenye macho yake, na namna moja ya kupika mabawa ya kuku ambayo hakuna mwingine anayeijua kuanzia hapa hadi Kapolowe.

Walioupora mji mwaka tisini na moja walibeba friji yangu, viti vyangu, hata kamba ya kuanikia nguo. Mabawa hawakuweza kuyabeba kwa sababu yalikuwa kichwani. Nikafungua mkahawa uani kwangu, nikaandika ukutani kwa makaa: CHEZ SARUN, MABAWA YA CAMBODGE.

Kisha ikaja orodha. Kamati ya vijana wa mtaa wetu ilipita nyumba kwa nyumba ikiandika nani ni mtoto wa Katanga na nani asili yake ni Kasai. Aliyeandikwa Kasai alipelekwa stesheni kungoja treni, yeye na watoto na magodoro. Mwadi, anayenipikia, amezaliwa hapa Likasi na hiyo Kasai hajaiona hata kwenye picha. Aliandikwa. Mumewe, Kazadi, alikuwa ametangulia kwa treni tangu Septemba kwenda kutafuta pa kuwaweka, na tangu hapo hakuna barua.

Basi kiongozi wa kamati, Casimir, alipokuja kumchukua Mwadi, nilisimama mlangoni na ufagio wangu nikamwambia bila kupepesa macho: Kazadi kamwacha, ndoa imekufa, sasa Mwadi ni mke wa Michel wangu. Ni mkwe wa nyumba hii, na mkwe wa nyumba hii haendi stesheni. Casimir akasema atarudi.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa niungame.

Sikudanganya kwa wema. Bawa la Kamboja halipikwi kama mnavyopika mabawa ninyi. Unavunja kiungo, unakata ule mshipa mwembamba, unasukuma nyama taratibu kama unayemvua mtoto soksi, na mifupa inatoka, isipokuwa ule mdogo wa ncha, huku ngozi imebaki nzima. Kisha unaijaza ngozi ile nyama iliyokatwakatwa, karanga za kutwanga, kitunguu saumu, manjano na mchaichai, ule ambao ninyi mnauchemsha chai tu. Ngozi ikitoboka hata kidogo, kila kitu kinamwagika kwenye mafuta. Sarun aliweza. Mimi, kwa miaka yote ya ndoa yangu, nilipasua mawili katika kila matatu. Mwadi alimtazama Sarun mara moja tu, akachukua kisu, na hajawahi kupasua hata bawa moja.

Kwa hiyo niliposimama na ufagio nilikuwa naokoa mkahawa wangu. Mwadi machoni mwangu alikuwa mikono. Niliipenda ile mikono, lakini ilikuwa mikono.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mabawa yangu yote yana firigisi ndani.

Najua baadhi yenu mmeliweka gazeti chini. Liokoteni, ndiyo kwanza tunaanza. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke anaiweka mbele ya mumewe kwa mkono wake, na akiiweka mbele ya mwanaume mwingine amesema jambo ambalo mke wa mtu halisemi. Mwanamke kuila mwenyewe, nyanya zetu hawakutaka hata kulisikia. Sarun wangu hakujua lolote kati ya hayo. Siku alipokuja Kapolowe kujionyesha kwa baba yangu, aliomba apike yeye. Alichukua firigisi na maini akakatakata, akatia ndani ya mabawa kama mama yake alivyofanya kwao. Baba alikula, akangoja, akauliza firigisi yake iko wapi. Sarun akanyosha kidole akatuonyesha sote tuliokaa pale, mama yangu, shangazi zangu, mimi, watoto, na wote tulikuwa tunatafuna. Baba hakusema naye hadi mavuno yaliyofuata. Halafu akamtumia salamu aje apike tena.

Nilipofungua mkahawa, hoteli moja ya mjini ilichukua mapaja na vidari vya kuku wangu. Kwangu yalibaki mabawa, maini na firigisi. Kwa njaa ile, ningetupa firigisi? Nikazikata. Na kwa kuwa mtu anayeagiza bawa haulizi firigisi iko wapi, kwa miaka miwili hakuna aliyeniuliza. Mashemasi wamekula. Wake zao wamekula wakaomba nyingine. Casimir mwenyewe amekula kila Jumapili baada ya ibada, mabawa mawili, na mkewe Hortense mawili.

Jumapili ya pili ya Machi, mwaka huu wa tisini na tatu, Casimir aliingia uani kwangu na jogoo mzima chini ya kwapa.

Huyu Casimir zamani alikuwa akibeba chupa za sampuli katika maabara ya Sarun, na siku hizo alinisalimu kwa mikono miwili. Sasa alikuwa na kalamu ya risasi sikioni na vijana watatu nyuma yake. Hortense alifuata na kitenge chake cha kanisani, mama mnene, mkimya, akakaa kwenye kiti chake cha kila Jumapili bila kumtazama mtu. Wateja wengine walikuwa kumi hivi. Maneno nayaacha kama tunavyoyasema Likasi: minye ni mimi, weye ni wewe, njo ni ndiyo, ju ni kwa sababu.

"Mama Michel," akasema Casimir, "leo hatukule mabawa. Leo njo siku ya kuku muzima."

"Hapa tunapikaka mabawa tu, Papa Casimir."

"Leo mutapika kuku. Nimemuleta minye mwenyewe." Akaniwekea jogoo mikononi. "Mwadi atamupika, kisha atatoka hapa mbele ya bantu bote na atamupatia bwana yake firigisi. Bibi ya muntu njo anapatiaka bwana yake firigisi. Ni vile ao hapana?"

"Ni vile."

"Voilà. Kama Michel iko bwana yake, hakuna mambo. Nafuta jina, tunakula, tunaenda. Kama hapana, camion iko pale ku barabara."

Akaonyesha kwa kidevu. Lori lilikuwepo kweli, na watu walikuwa tayari juu yake, wamekaa kwenye masanduku yao.

Casimir si mjinga, hilo mlijue. Siku ile ya Septemba alikuwepo kwenye jukwaa la stesheni na karatasi zake wakati treni ya Kazadi inaanza kujikokota. Alimsikia Kazadi akitoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Mwadi, unichungie firigisi yangu." Watu wote walicheka, hata waliokuwa wanalia. Casimir hakucheka. Aliliweka lile neno mahali, na miezi sita baadaye akaja nalo kwangu chini ya kwapa.

Nilimchinja jogoo mwenyewe. Nilipoingia jikoni, Mwadi alikuwa ameegemea ukuta na Michel amesimama karibu na jiko, na nikajua wamesikia kila kitu. Daniella, binti wa Mwadi mwenye miaka sita, alikuwa amekaa kizingitini anachambua karanga.

"Mama, siweze," akasema Mwadi.

"Ni kipande ya nyama, Mwadi."

"Najua. Lakini Kazadi iko muzima."

"Unajua namna gani? Hata barua hakuna."

"Iko muzima. Na kama iko muzima, nikiweka ile kitu mbele ya mwanaume mwingine, tshibawu haitauliza kama tulikuwa tunacheza. Itamukamata ule." Akamwonyesha Daniella kwa macho.

Nyinyi msio Wakasai, tshibawu ni mkosi unaoletwa na mke aliyemkosea mumewe, nao haumfuati yeye, unawafuata watoto. Sikuwa na nafasi ya kuheshimu jambo hilo siku ile. Nilikuwa na hasira, na lori nilikuwa naliona kupitia dirisha.

"Na hii miaka mbili yote?" nikamwambia. "Weye njo unajazaka mabawa. Firigisi ngapi zimepita mu mikono yako zikaenda kwa mabwana ya bengine?"

"Najazaka, ndiyo. Lakini, Mama, ulishaniona nabeba sahani?"

Nikageuka nikalitazama pazia. Miaka miwili, Mwadi hakuwahi kuvuka pazia la jikoni na sahani mkononi. Nilimwita mvivu. Nilimwita mwenye maringo mbele ya wateja, nikabeba sahani mimi na mgongo wangu huu. Kumbe alikuwa amejichorea mstari wake pale kwenye pazia, akapika nyuma yake miaka miwili kwa ajili ya mtu aliye mbali, wala hakuniambia. Nilijisikia mdogo jikoni kwangu mwenyewe.

Michel akatia lake. "Mama, hata akiniwekea, minye sitakula. Kazadi akirudia, nitamutazama na macho gani?"

"Basi mupande camion, weye na yeye."

Nilisema hivyo. Ningeweza kulificha, hamkuwepo. Nilisema.

Daniella akainua kichwa kutoka kwenye karanga zake. "Camion inaenda kwa papa?"

Mimi niliichukua ile firigisi ya jogoo kutoka kwenye ubao, nikaipasua, nikaimenya ile ngozi ya njano ya ndani, nikaanza kuikata. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na hasira na kisu, na kisu kilifanya kile ambacho kinafanya kila siku katika nyumba hii. Nilipokuja kushtuka, firigisi ya Casimir ilikuwa chembe chembe, imechanganyika na maini na karanga.

"Mama," akasema Mwadi polepole, "umefanya nini?"

Niliitazama ile nyama. Nikamkumbuka Sarun amenyosha kidole, na uso wa baba yangu, na kicheko changu nilichokifunga mdomoni siku ile kwa sababu mwanamwali hacheki. Ghafla sikuwa na hofu hata kidogo.

"Nimepika," nikamwambia. "Toa mifupa ya mabawa ya huyu jogoo. Ujaze."

Jogoo wa mtaani ana bawa gumu, lakini Mwadi aliyatoa mifupa mabawa yote mawili, na ngozi haikutoboka. Moja liliiva kwanza. La pili nikaliacha kwenye mafuta, nikapanga mapaja na kidari kwenye sahani kubwa, lile bawa juu, nikatoka nalo.

Casimir alikuwa amejiambia kwamba leo hali mabawa. Lakini mkono una mazoea yake. Kabla sahani haijatulia mezani alikuwa ameshalichukua bawa, akaling'ata, akafumba macho kama kila Jumapili. Nilisimama mbele yake nikamwacha amalize. Alikula hadi ncha.

"Sasa," akasema huku anajifuta, "umuite Mwadi na firigisi."

"Firigisi haiko."

"Kuku gani haina firigisi, Mama Michel?"

"Ilikuwa nayo. Umeikula sasa hivi."

Alitazama vidole vyake. Kijana mmoja wa kamati akatazama ile ncha ya mfupa kwenye sahani kana kwamba itasema.

"Na haiko leo tu," nikaendelea, na nilihakikisha hata walio nyuma wanasikia. "Tangu nilifungua hii resto, firigisi iko mu mabawa. Bwana yangu alikuwa anapika vile, na minye napika vile. Bote mwenye balikula hapa, balikula firigisi. Ba mama pia."

Shemasi mmoja aliliweka bawa lake chini, akafikiri, akalichukua tena. Mama mmoja pale nyuma alijiziba mdomo kwa kitenge, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Unatuchezea," akasema Casimir.

"Sichezi. Nani anakuwekeaka sahani, kila Jumapili, miaka mbili?"

Akaitazama sahani.

"Sema, Papa Casimir. Nani?"

"Ni weye."

"Ni minye, na hii mikono. Basi sikia. Kama firigisi njo inafungaka ndoa, weye iko bwana yangu. Papa shemasi pale iko bwana yangu. Nusu ya Likasi ni mabwana yangu, na hakuna hata mumoja ananipasuliaka kuni. Na kama haifungake ndoa, basi huyu jogoo yako haikukuwa na kazi hapa. Chagua."

Walicheka. Kwanza yule mama wa nyuma, kisha shemasi, kisha meza zote, hadi kijana mmoja wa kamati alicheka akakumbuka yuko upande gani akakohoa. Sitawadanganya, nilivimba kichwa. Niliona Sarun angenisifu. Niliona mchezo umekwisha.

Casimir alingoja kicheko kiishe. Halafu naye akatabasamu, na tabasamu lile sikulipenda.

"Muzuri," akasema. "Nimechagua. Minye iko bwana yako." Akasukuma kiti nyuma, akanyosha miguu chini ya meza yangu. "Kama minye bwana, hii nyumba ni yangu. Umesema weye mwenyewe, mbele ya ba témoins, bantu bote hawa. Na minye, mwenye nyumba, nasema ule mwanamuke atoke, na kamutoto yake. Ba jeune, muende mumutoshe."

Hakuna aliyecheka tena. Nyumba ambayo waporaji waliiacha kwa sababu haibebeki, mimi nilikuwa nimempa Casimir kwa ulimi wangu, na Mwadi ndani yake.

Vijana wawili walisimama. Nikavuta kiti nikakiweka mbele ya pazia la jikoni, nikakaa.

"Mutaanza na minye," nikasema. "Na munibebe na kiti, ju miguu yangu haitaenda."

Hawakujua wafanye nini. Mmoja wao nilimlisha akiwa mdogo, mama yake alikuwa jirani yangu. Alimtazama Casimir, Casimir akamwashiria aendelee, akanisogelea, na mimi nikaushika ule ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

Pazia likasogea nyuma yangu.

Mwadi alitoka. Alikuwa amevua aproni, na mikononi mwake alikuwa amebeba sahani. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Juu yake lilikuwa lile bawa la pili la jogoo. Kwa miaka miwili sikuwahi kumwona upande huu wa pazia na sahani, na nadhani hata wateja walihisi, kwa sababu vijiko vyote vilitulia.

"Mwadi," nikamnong'oneza, "uache. Uwaze Daniella."

Alinipita mimi. Alimpita Michel, aliyekuwa amenifuata nje na kusimama ukutani mikono nyuma. Casimir alijiweka sawa kwenye kiti, akapangusa meza mbele yake kwa kiganja, kwa sababu aliamini inakuja kwake. Mwadi akampita naye, akazunguka meza, akaiweka sahani mbele ya Hortense.

"Mama Hortense," akasema, "hii ni firigisi. Nakuambia mbele ukule, ju kesho usiseme hukujua."

Niwaambie jambo moja kuhusu Hortense. Mama aliyemzalisha watoto wake wote watatu, Mkasai wa mtaa wa pili, alipandishwa treni mwezi wa kwanza. Orodha ile iliandikwa nyumbani kwa Hortense, kwenye meza yake ya kulia, yeye anawakaribisha chai waandikaji. Tangu hapo watu walisema Hortense amepungukiwa na maneno. Mimi nilidhani ni maringo, kama nilivyodhani ya Mwadi. Naona mimi huwaona wenye maringo wengi sana.

Hortense aliomba maji. Michel akamletea beseni, akanawa mikono yote miwili hadi kwenye kiwiko, bila haraka, akajifuta.

"Hortense," akasema Casimir.

Akalichukua bawa, akang'ata. Alitafuna akimtazama mumewe usoni. Alirudia. Alikula nyama, akala ngozi, akabakiza ule mfupa mdogo wa mwisho, akauweka kwenye sahani ya Casimir.

"Iko muzuri," akasema. "Miaka makumi mbili nakupatiaka hii kitu kila kuku, na hukuniambia hata siku moja kama iko muzuri vile."

"Simama, tunaenda nyumbani."

"Bado. Sasa na minye nimekula ya mwenye nyumba. Uniletee ile liste."

Casimir hakusogea. Vijana wake walimtazama wakingoja aseme neno, na kadiri alivyochelewa kulisema ndivyo macho yao yalivyoshuka chini. Hortense akanyosha mkono, akaitoa karatasi mwenyewe kutoka mfuko wa shati la mumewe, akaikunjua kati ya mifupa ya jogoo. Akaichomoa na kalamu kutoka sikioni mwa Casimir. Akatafuta kwa kidole, jina kwa jina, na kidole kikaacha alama ya mafuta mstari mzima. Alipolifikia la Mwadi alilikata mara mbili.

"Camion iende," akasema. "Minye nakula tena."

Nataka kuwaambia nilipiga vigelegele. Sikupiga. Nilikuwa bado nimekishika kiti, na mikono ilikataa kukiachia. Mwadi alisimama pale katikati ya meza, mikono mitupu, akanitazama, na nikamtazama usoni muda mrefu kuliko nilivyowahi kumtazama tangu aingie nyumba hii. Nilitaka kumwambia jambo. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Ndipo karanga zikamwagika. Sinia lote la Daniella lilianguka kizingitini, karanga zikatawanyika chini ya meza hadi miguuni mwa Casimir. Mtoto alikuwa anakimbia kuelekea mlango wa uani.

Palikuwa na mwanaume amesimama pale. Alikuwa mwembamba, ndevu hadi kifuani, begi la kamba begani, vumbi la njia nzima juu ya viatu. Mimi sikumtambua. Daniella alimtambua.

"Papa," akasema, akamshika miguu.

Kazadi akaweka kiganja juu ya kichwa cha bintiye. Alitazama watu wengi, meza, mifupa ya kuku, hakuelewa kitu, wala hakuuliza. Alimwona Mwadi tu. Akatabasamu, meno yote nje, na nilijua kwamba neno analotaka kusema amelibeba njia nzima kutoka Kasai na amelirudia kila usiku aliolala porini.

"Mwadi," akasema, "firigisi yangu iko wapi?"

Hortense, mafuta bado midomoni, akafumba macho. Casimir akanyosha mkono taratibu, akaichukua kalamu yake kutoka vidoleni mwa mkewe.